Hewa Ipindayo Nuru: Somo la Kirekebishi cha Rangi kwa Wapigao Picha Sayari

Ndugu msomaji, somo letu la leo ni juu ya chombo kidogo, kinachoenea katika kiganja cha mkono, ambacho wapigao picha sayari kwa darubini hukitia baina ya darubini na kamera. Kazi yake ni kuzikusanya tena rangi za nuru zilizotawanywa na hewa. Katika somo hili tutakiita kirekebishi.

Mwenye kuanza kujifunza kazi hii huko Garissa, au Wajir, au Mandera, akifungua vitabu vya wajuzi wa nchi za kaskazini, ataambiwa kwamba chombo hiki hakina budi. Mwenye mali atakinunua asijue anakinunulia nini. Asiye na mali atajiona amefungiwa mlango, na huenda akaiacha elimu yenyewe. Makusudio yetu ni kuonyesha kwamba agizo lile lina sababu yake, na sababu hiyo hupimwa kwa mahali alipo mtu. Mwenye kuijua sababu atajua ni lini chombo chamfaa, ni lini hakimfai, na ni vipi akitumie siku anapokihitaji. Ama mwenye kulichukua agizo bila ya sababu yake, huyo hupoteza mali pasipo na haja, na tena hukosa kujiandaa pale penye haja ya kweli.

ASILI YA JAMBO

Kila aliyepiga kasia ameona kwamba kasia likitiwa majini huonekana kama lililovunjika pale linapokutana na maji. Kasia ni zima, bali nuru itokayo majini kuingia hewani hupinda njia yake, na jicho, kwa kuwa limezoea nuru inyookayo, hukidhania kitu kipo mahali pasipokuwa pake.

Basi na hewa nayo ni kama bahari iliyo juu yetu. Ni nyepesi sana huko juu, na huzidi kuwa nzito kila inapokaribia ardhi. Nuru ya nyota ikiingia katika hewa hii hupinda kidogo kidogo kuelekea chini, na sisi tulio chini huiona nyota imeinuliwa juu kuliko ilivyo kwa hakika.

Kabla hatujataja vipimo, tukumbushane hesabu ya pembe. Duara zima ni daraja 360. Daraja moja ni dakika 60, na dakika moja ni sekunde 60, ambazo wanafalaki wa Kiarabu waliziita thania. Dakika na sekunde hizi ni za pembe, wala si za saa. Jua, kama tulionavyo, lina upana wa dakika 32 hivi.

Nyota iliyo utosini kabisa haipindiwi hata kidogo. Iliyo katika kimo cha daraja 45 huinuliwa kiasi cha dakika moja. Iliyo kwenye upeo wa macho huinuliwa kiasi cha dakika 34, nacho ni kipimo kinachozidi upana wa jua zima. Kwa hiyo tunapoliona jua limegusa upeo kwa ukingo wake wa chini, jua lenyewe kwa hakika limekwisha kushuka chini ya upeo, na tunaloliona ni sura yake iliyoinuliwa na hewa. Wenye kutengeneza majedwali ya nyakati za sala hulihesabu jambo hili: huiweka Magharibi pale kitovu cha jua kinapofika dakika 50 chini ya upeo, yaani 34 za mpindo wa hewa na 16 za nusu ya upana wa jua. Katika nchi zetu za ikweta, mpindo huo peke yake huichelewesha Magharibi kwa dakika mbili za saa na zaidi kidogo. Basi msomaji asidhani kwamba twazungumza habari iliyo mbali naye, kwa maana hesabu hii huingia katika siku yake kila jioni.

Elimu hii ni kongwe. Batlimusi wa Iskandaria aliieleza katika karne ya pili ya tarehe ya Kizungu. Kisha akaja Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki Misri karibu na mwaka 1040, naye katika Kitab al-Manazir akaonyesha namna ya kuihakikisha: mtu aipime nyota moja kwa chombo cha pete za shaba ikiwa karibu na upeo, kisha aipime tena ikiwa juu, na alinganishe umbali wake na ncha ya mbingu katika vipimo viwili hivyo. Vikihitilafiana, basi hewa imepinda nuru. Hakutaka mtu asadiki kwa kuambiwa tu. Alimpa njia ya kujionea mwenyewe.

KWA NINI RANGI HUTENGANA

Lau hewa ingalizipinda rangi zote kwa kiasi kimoja, kirekebishi kisingekuwa na kazi. Sura ya sayari ingaliinuka nzima nzima, na picha ingebaki safi. Lakini nuru nyeupe ni mkusanyiko wa rangi nyingi, na kila rangi hupinda kwa kiasi chake. Urujuani na buluu hupinda zaidi, nyekundu hupinda kidogo kuliko zote, na kijani iko baina yao. Kamal al-Din al-Farisi, aliyefariki karibu na mwaka 1319, alilichunguza jambo la rangi za upinde wa mvua kwa tufe la kioo lililojazwa maji. Na Isaac Newton, katika miaka ya 1660, alilithibitisha kwa kuipitisha nuru ya jua katika kipande cha kioo cha pembetatu.

Hewa hufanya kazi ile ile ya kioo cha Newton, ila kwa udhaifu. Sayari moja hugeuka kuwa safu ya sayari nyingi zilizopandana, ya buluu ikiwa juu kidogo, ya kijani katikati, na nyekundu chini. Hivi ndivyo vipimo vya utengano huo, kutoka urujuani mpaka nyekundu, kwa takriban, kwa mtu aliye karibu na usawa wa bahari:

Katika kimo cha daraja 65, sekunde 0.7.
Katika kimo cha daraja 45, sekunde 1.5.
Katika kimo cha daraja 30, sekunde 2.5.
Katika kimo cha daraja 20, sekunde 4.
Katika kimo cha daraja 15, sekunde 5 na zaidi.
Katika kimo cha daraja 10, sekunde 8.

Jicho tupu haliwezi kuipambanua sekunde moja, wala nane. Lakini athari yake huonekana kwa njia nyingine. Nyota yenye nuru kali ikiwa chini humeta kwa rangi, mara nyekundu, mara kijani, mara buluu. Hiyo ni kwa sababu rangi zake zimepita njia zilizotengana kidogo, na mawimbi ya hewa huzitikisa kila moja kwa wakati wake. Watu wa pwani, ambao jua huwachomozea baharini, huenda wakaona mara chache, hewa ikiwa safi, nukta ya kijani inayotokea kabla tu ya ukingo wa jua. Nayo ni utengano huo huo. Na hapa tuonye: asitazame mtu jua kwa jicho lake, wala kwa darubini hata kwa nukta moja, kwa kuwa upofu wake hauna dawa.

MIZANI YA GARISSA NA MIZANI YA LONDON

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Sayari hazitembei popote mbinguni, bali hufuata njia ya jua, na njia hiyo haiendi kaskazini wala kusini ya ikweta ya mbingu kupita daraja 23 na nusu hivi. Mji wa Garissa uko kusini ya ikweta kwa nusu ya daraja tu. Msafiri aendaye Wajir huivuka ikweta kabla hajafika Modogashe. Maana yake ni kwamba Mushtari na Zohali, zinapofika kilele cha safari yao ya usiku, hupita juu ya Garissa katika kimo cha daraja 65 au zaidi, mwaka wowote ule. Mirihi huteremka kidogo zaidi katika baadhi ya miaka, lakini hata hiyo hupita juu ya daraja 60.

Tuchukue mfano mmoja. Mwezi wa Juni mwaka 2019 Mushtari ilikuwa imekaribiana na ardhi, ikiwa kusini ya ikweta ya mbingu kwa daraja 22 na nusu hivi. Mtu wa London, aliye kaskazini kwa daraja 51 na nusu, aliiona katika kilele chake kwenye kimo cha daraja 16 tu. Rangi zake zilitengana kwa sekunde 5. Usiku ule ule mtu wa Garissa aliiona katika kimo cha daraja 68, na utengano wa rangi kwake ulikuwa sekunde 0.6 hivi. Wote wawili walitazama sayari moja yenye upana wa sekunde 46. Kwa yule wa kwanza, hewa ilimharibia picha mara nane kuliko alivyoharibiwa huyu wa pili.

Na darubini yenye kioo cha upana wa milimita 200, ambayo ni ya kawaida kwa wapendao kazi hii, haiwezi kupambanua vitu vilivyokaribiana chini ya sekunde 0.6. Kwa hiyo madhara ya hewa kwa mtu wa Garissa, akisubiri mpaka Mushtari ipande juu, yanalingana na mwisho wa uwezo wa darubini yake mwenyewe. Kirekebishi kitamsaidia, lakini kidogo. Ama yule wa London, bila ya kirekebishi, ameharibikiwa.

Basi wajuzi wa kaskazini waliosema chombo hiki ni cha lazima walisema kweli, na waliisema kwa watu wao. Yale yaliyo kweli kwa Garissa ni kweli pia kwa Lamu, kwa Malindi na kwa Mombasa, iliyo kusini ya ikweta kwa daraja 4. Sisi tumepewa mbingu ambayo sayari hupita karibu na utosi, na neema hii haiuzwi dukani. Mwenye kukimbilia kupiga picha Mushtari inapochomoza tu, kwa kuwa hana subira ya saa nne, huyo ameiacha neema ya nchi yake, kisha anatafuta kununua dawa ya maradhi aliyojitakia.

PALE PENYE HAJA YA KWELI

Hata hivyo asitoke mtu hapa na kauli kwamba chombo hakina faida kwetu. Ziko sayari mbili ambazo subira haisaidii, nazo ni Zuhura na Utaridi. Hizi ziko ndani ya njia ya ardhi kulizunguka jua, na kwa hiyo haziachani na jua. Zuhura haiendi mbali nalo kupita daraja 47, na Utaridi kupita daraja 28. Huonekana jioni upande wa magharibi au alfajiri upande wa mashariki. Wafugaji wa Kisomali huiita Zuhura Waxaraxir, jina litokanalo na kuwafunga wana-mbuzi, kwa kuwa huonekana wakati mifugo inaporejea zizini. Jina hilo lenyewe lakuonyesha kwamba ni nyota ya chini na ya wakati wa kukuchwa.

Mtu wa Garissa, jua likisha kuchwa nusu saa, huiona Utaridi katika siku zake bora kwenye kimo cha daraja 15 au 20. Upana wa Utaridi wakati huo ni sekunde 7 hivi. Nasi tumekwisha kuona kwamba katika kimo cha daraja 15 rangi hutengana kwa sekunde 5. Yaani utengano wa rangi unakaribia kuwa sawa na sayari yenyewe! Mpiga picha ataona kitone kirefu, buluu upande mmoja na nyekundu upande wa pili, wala hataona ile sura ya nusu mwezi ambayo Utaridi inayo kweli. Hapa kirekebishi ni haja ya wazi. Hali kadhalika Zuhura ikiwa hilali nyembamba karibu na upeo, na hali kadhalika mwezi wenyewe ukipigwa picha kwa ukuzaji mkubwa ungali chini.

MUUNDO WA CHOMBO

Rai ya kuirekebisha rangi ya hewa ndani ya darubini si ya jana. George Airy, mwanafalaki wa Uingereza, aliandika juu yake mwaka 1869. Chombo tulicho nacho leo kina vipande viwili vya kioo vyembamba, kila kimoja kimechongwa kama kabari. Kipande cha namna hii huitwa prizimu. Vipande viwili hivi hukaa kimoja mbele ya kingine ndani ya pete, na kila kimoja kina kishikio chake cha kukizungushia.

Kabari mbili zikiwekwa zikielekeana kinyume, unene wa moja juu ya wembamba wa nyingine, huwa kama kioo bapa, na nuru hupita bila ya kutengana rangi. Hiyo ndiyo sifuri ya chombo. Vishikio vikiachanishwa, kimoja kulia na kingine kushoto kwa kiasi sawa, kabari huanza kuitawanya nuru, na kila vinapozidi kuachana ndivyo mtawanyo unavyozidi. Sasa mtu akikiweka chombo hivi kwamba mtawanyo wake uwe kinyume cha mtawanyo wa hewa, kwa kiasi kile kile, la kwanza huondolewa na la pili, na rangi hurejea mahali pamoja. Ni kama mizani yenye vitanga viwili: hewa imetia uzito upande mmoja, nawe watia uzito ule ule upande wa pili mpaka vilingane.

NAMNA YA KUKITUMIA

Kwanza, vioo vya darubini na vilinganishwe, na darubini itolewe nje mapema mpaka ipoe na kuwa sawa na hewa ya nje. Kirekebishi hakitengenezi darubini mbovu.

Pili, mpango wa vyombo uwe hivi: darubini, kisha lenzi ya Barlow ya kukuzia, kisha kirekebishi, kisha kamera. Prizimu hupenda nuru inayokusanyika polepole. Zikitiwa katika nuru inayokusanyika kwa ghafula, huzaa kasoro nyingine katika picha. Lenzi ya Barlow ikitangulia huiondoa shida hiyo. Na ijulikane kwamba kila kamera inapowekwa mbali zaidi na kirekebishi, nguvu ya kirekebishi huzidi. Kwa hiyo ukibadilisha umbali, lazima upime upya.

Tatu, vishikio viwe kwenye sifuri, na mstari wa sifuri ulazwe sawa na upeo wa macho. Vyombo vingi vina pima maji ndogo ya kuonyesha usawa huo. Lakini katika darubini ambayo kamera hukaa ubavuni, au iliyotiwa kioo cha kukunjia nuru, pima maji haitoi ushahidi wa kutegemewa. Fanya hivi badala yake: isogeze darubini juu na chini kidogo, uangalie sayari yaenda upande gani katika picha. Njia hiyo ndiyo wima ya mbingu, na rangi hutengana juu ya njia hiyo hiyo. Mstari wa sifuri na uikate njia hiyo kwa pembe mraba.

Nne, itazame sayari kwa kituo. Utaona ukingo mmoja una buluu na wa pili una nyekundu. Viachanishe vishikio kidogo kidogo, vyote viwili kwa kiasi sawa. Rangi zikipungua, endelea. Rangi zikizidi, basi chombo kiko kinyume. Kigeuze nusu duara uanze tena.

Tano, kama rangi za juu na chini zimeondoka lakini imebaki rangi ya mshazari, jua kwamba mstari wa sifuri haukuwa sawa na upeo. Kizungushe chombo kizima kidogo, wala usiviguse vishikio, mpaka rangi ile iondoke.

Sita, usawazishe tena ukali wa picha, kwa kuwa kila ugusapo prizimu picha husogea na hupoteza ukali wake.

Saba, rudia. Sayari iliyo chini hubadilisha kimo haraka. Katika nchi zetu hushuka karibu wima, daraja moja kwa kila dakika nne za saa. Iliyokuwa daraja 20 itakuwa daraja 15 baada ya dakika 20 tu, na utengano wa rangi umekwisha kuzidi kwa sekunde nzima. Mwenye kurekebisha mara moja akaacha, amefanya nusu ya kazi.

Wenye kompyuta wana msaada zaidi. Programu za FireCapture na SharpCap humwonyesha mtu sura nyekundu na sura ya buluu za sayari moja zimeachana kiasi gani, naye huvisogeza vishikio mpaka zikutane. Lakini mwanafunzi na aanze kwa macho yake kwanza, ili siku kompyuta isipokuwapo asiwe kipofu.

Liko jambo moja zaidi lihusulo nchi yetu. Darubini nyingi huuzwa na kitako kinachofuata mzunguko wa mbingu, ambacho mhimili wake huelekezwa kwenye ncha ya mbingu. Huko Garissa ncha zote mbili ziko kwenye upeo, kwa hiyo mhimili hutakiwa kulala karibu bapa, na vitako vingi havikutengenezwa kulala hivyo. Kitako cha kwenda juu na chini, kulia na kushoto, kinafaa zaidi, na kwa kirekebishi kina faida ya pili: upeo haupindiki katika picha, na mstari wa sifuri ukisha kulazwa hubaki ulivyo.

YASIYO KUWA KAZI YAKE

Kirekebishi huondoa utengano wa rangi, basi. Hakitulizi mawimbi ya hewa yaifanyayo sayari kutetemeka kama kitu kilicho chini ya maji yaendayo. Ardhi ya Garissa hupata moto mchana kutwa, na jioni huutoa moto huo, hewa ikachemka. Mabati ya paa na lami ya barabara huzidisha. Dawa yake ni kukaa mahali penye udongo au majani, mbali na mapaa, na kusubiri usiku uingie. Pamoja na kupiga picha elfu kwa elfu katika dakika chache, kisha kuchagua zilizo tulivu na kuzipandanisha. Hata hapo Mushtari hairuhusu kukawia, kwani huzunguka yenyewe kwa muda usiotimia saa kumi, na picha zilizochukuliwa kwa muda mrefu huvurugika.

Wala kirekebishi hakiondoi vumbi la kiangazi, kile ambacho Wasomali hukiita jilaal, wala mvuke wa pwani. Na wala hakiwezi kuirejesha nuru iliyozuiwa na hewa kabisa. Kwa nuru ya namna hiyo watu walilazimika kutoka nje ya hewa. Tarehe 12 Disemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililoko baharini karibu na Malindi, kilirushwa chombo kilichopewa jina la Uhuru, ili kuitazama miale ya eksirei ya mbinguni ambayo haifiki ardhini. Kwa hiyo mbele ya pazia la hewa binadamu ana njia mbili: ama kulivuka, na hiyo ni kazi ya dola, ama kulipima lilivyo na kurekebisha kwa kadiri ya kipimo, na hiyo aiweza mwanafunzi mmoja uani kwao.

KWA ASIYE NACHO

Asiyekuwa na kirekebishi asivunjike moyo, kwa kuwa anazo njia tatu. Ya kwanza ni kusubiri kilele, na tumekwisha kuieleza. Ya pili ni kutumia kioo cha kuchuja kinachopitisha rangi moja tu, kijani au nyekundu; rangi zikiwa chache, utengano huwa mdogo, na picha huwa kali ingawa haina rangi zake zote. Ya tatu ni kwa mwenye kamera ya rangi: programu huweza kuitenganisha picha ya nyekundu, ya kijani na ya buluu, kisha ikazisogeza mpaka zipandane. Njia hii huondoa sehemu kubwa ya madhara, ila haiondoi utengano mdogo uliobaki ndani ya kila rangi.

Kwa hiyo kundi la wanafunzi lenye mali kidogo litangulize darubini nzuri, kitako madhubuti na kioo cha kuchuja. Kirekebishi kije baadaye, siku watakapoazimia kweli kuifuata Utaridi na Zuhura.

FAIDA YA SOMO

Huenda mtu akauliza: yote haya ya sekunde tano na sekunde nusu yana uzito gani? Uzito wake ni huu. Mtu aliyeitazama Zuhura karibu na upeo, akaona nyekundu upande mmoja na buluu upande wa pili, hakusema uongo akisema ameziona rangi hizo. Lakini akisema Zuhura ina rangi hizo, amesema yasiyokuwapo. Baina ya kauli mbili hizi iko hewa, na asiyeijua hewa hawezi kuzitenganisha. Wangapi wameiona nyota ikimeta nyekundu na kijani juu ya upeo, wakawatangazia watu kwamba ni ishara ya vita au ya maradhi? Nyota haina habari nao. Hewa ya kijijini kwao ndiyo iliyocheza na nuru yake.

Katika mji ambao neno la mashahidi juu ya mbingu lina uzito, kama katika kuandama kwa mwezi, ni wajibu wetu kuwafunza vijana kupambanua baina ya kile jicho lilichopokea na kile kilichoko. Mas'ala ya kuthubutu mwezi yana mlango wake na wenyewe, nasi hatuingii humo. Twasema tu kwamba kirekebishi hakimwonyeshi mtu mwezi usiokuwapo, wala hakiongezi nuru; na kwamba shahidi aliyefunzwa namna hewa inavyoinua, inavyopinda na inavyotia rangi, ni shahidi bora kuliko asiyefunzwa.

Mwanafunzi na aanze usiku huu, hata bila ya darubini. Achague nyota moja yenye nuru kali inapochomoza mashariki, aitazame imetavyo kwa rangi. Kisha airudie baada ya saa tano, ikiwa karibu na utosi, aione imetulia na nuru yake kuwa moja. Nyota ni ile ile. Kilichobadilika ni hewa iliyo baina yake nayo. Akisha kuliona hilo kwa macho yake mwenyewe, amekwisha kuifahamu nusu ya kwanza ya somo hili, na iliyobaki ni mazoezi ya mkono.